Mwongozo kwa Aliyechoshwa na Mazoea

Katika nasaha tulizolelewa nazo watu wa pwani, kukinai kumepewa daraja ya juu: mtu aridhike na riziki yake, asitumbulie macho sahani ya jirani, wala asimnung'unikie Mola kwa fungu alilokadiriwa. Nasaha hiyo ni njema, na mimi si miongoni mwa wanaotaka kuivunja. Lakini wako watu walioipeleka mahali pasipo pake, wakadhani kwamba anayepaswa kuridhika na fungu lake apaswa vilevile kuridhika na tanuri linalokula kuni maradufu, na mlango usiofungika ila kwa kupigwa teke, na asubuhi nzima ya foleni kwa ajili ya muhuri mmoja. Na yeyote aulizaye kwa nini jambo lifanywe hivi na lisifanywe vile, humwita mjuaji, au mpenda makuu, au mtoto asiye na adabu mbele ya wazee. Msomaji, ikiwa umepata kuitwa mojawapo ya majina hayo, mwongozo huu ni wako.

Neno nililo nalo ni hili: karaha ya mazoea ni mtaji, na kama ilivyo mitaji yote, yaweza kuliwa ikaisha bila ya kuzaa. Wengi huila kwa ulimi. Huketi barazani baada ya alasiri wakalaumu serikali, na bei, na vijana wa siku hizi, na hali ya dunia kwa jumla, na wanapoinuka kwenda kuswali magharibi kila kitu kiko kama kilivyokuwa, isipokuwa wao wenyewe wamepungukiwa na ghadhabu ambayo ingaliwafaa kazini. Karaha iliyotanuliwa hata ikaenea ulimwengu mzima haina mpini wa kushikia. Iliyopunguzwa mpaka ikahusu mahali pamoja katika kazi moja, hiyo ndiyo ambayo mafundi wa kila zama wametokea nayo kwenye jambo jipya.

Kwa hiyo anza kwa kuipunguza. Twaa daftari, na kila udhia unapokufika kazini andika ni wapi hasa ulipokufika, ni saa ngapi, na umekutoa nini: shilingi, dakika, au ngozi ya kidole. Usiandike kwamba duka lenu laendeshwa ovyo. Andika kwamba kila Jumamosi jioni mnunuzi wa mafuta ya taa husimama akingoja kwa sababu kipimo chake kimetundikwa nyuma ya magunia ya mchele. Fanya hivyo kwa majuma kadhaa bila ya kutafuta dawa ya chochote, maana dawa iliyowahi kuja kabla ya maradhi kujulikana aghalabu ni maradhi ya pili, na utaona kwamba udhia uliodhani ni wa namna mia ni wa namna chache zinazojirudia.

Nitakupa mfano ninaoupenda kuliko mingine, kwa kuwa umo majikoni mwa watu wetu. Jiko la makaa la bati tupu, lile liundwalo kwa mabati ya mapipa makuukuu, lilipikiwa Kenya kwa miongo mingi, na kwa miongo hiyo yote mpishi alijua kwamba ubavu wake huunguza miguu ya watoto, na kwamba wavu wake huliwa na moto, na kwamba debe la makaa halikai. Bei ya mafuta ilipopanda ulimwenguni mwaka 1973, na hofu ya kuisha kwa misitu ilipoanza kusemwa hadharani, manung'uniko yakazidi: makaa ghali, miti yaisha, mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Yote yalikuwa kweli, na hapana hata moja kati yake ambalo fundi wa bati wa Shauri Moyo, Nairobi, angeweza kulifanyia kazi kwa nyundo yake. Kilichomfaa fundi kilikuwa karaha ndogo kuliko hizo, yaani kwamba joto jingi hupenya ukuta wa bati likapasha hewa badala ya kupasha sufuria. Hapo pana kitu cha kushika, kwa sababu ukuta waweza kuvikwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kazi ambayo Maxwell Kinyanjui alikuwa mmoja wa wabunifu wake mashuhuri, wazo la kuuvika ukuta huo liliazimwa kutoka Thailand, ambako watu walikuwa wakipikia majiko ya udongo yaliyotiwa ndani ya ndoo za bati. Umbo la kwanza lilifuata ndoo: udongo kutoka mdomoni hadi kitakoni, jiko zito la kuchosha mikono, na udongo wenyewe ukapasuka, kwa maana bati na udongo havitanuki kwa kadiri moja vipatapo moto. Wabunifu hao wangaliweza kuacha hapo, wakasema kwamba mambo ya Thailand yabaki Thailand. Badala yake wakaipunguza karaha kwa mara ya pili, wakauliza moto wakaa wapi. Na kwa kuwa moto wakaa juu, udongo ukawekwa nusu ya juu tu, kutoka kiunoni hadi mdomoni, ukashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi yazuiayo joto, na bati likapewa umbo la kubana kiunoni na kutanuka chini, ili jiko lisimame imara wakati mpishi anaposonga ugali kwa nguvu za mabega yote mawili. Makaa yaliyookolewa yalikuwa takriban theluthi, na mikononi mwa mpishi hodari yalikaribia nusu.

Tazama sasa yale ambayo hayakubadilishwa, kwa sababu ndiyo yaliyolifikisha jiko hilo katika nyumba za watu. Makaa yalikuwa yaleyale, sufuria zilezile, saa za kupika zilezile, soko lilelile, na bati lilikatwa na mafundi walewale wa jua kali, ilhali udongo ulichomwa na wafinyanzi ambao tangu zamani walijua tanuri. Mwanzoni jiko liliuzwa ghali; mafundi walipoongezeka na kushindana, bei ikashuka hadi ikawa ya kufikiwa na mtu wa kawaida. Linganisha na majiko ya jua, ambayo yamegawiwa mara nyingi barani mwetu na watu wenye nia safi kabisa: hayali makaa hata chembe, lakini yamtaka mama apike mchana wa jua kali, nje ya nyumba, polepole, ilhali watoto wake hula chakula kikuu usiku. Mama hakupata kukerwa na saa ya chakula chake. Basi sharti ninalokupa, na ningependa ulishike kuliko mengine yote humu, ni kwamba kisichowakera watu ukiache kama kilivyo, hata kama chakukera wewe.

Kabla ya kugusa ada yoyote, itafute sababu yake, kwa kuwa ada nyingi zilizaliwa na sababu, na sababu hiyo yaweza kuwa imekufa na yaweza kuwa hai. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zina vyumba virefu vyembamba, na mgeni hudhani kwamba waliozijenga walipenda kubanana. La hasha! Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki salama upana uzidio takriban mita tatu. Upana wa chumba ukawa ni upana wa mti. Siku nondo na saruji zilipopatikana, sababu ile ilikufa, na aliyechoshwa na wembamba alikuwa na haki kamili ya kutanua. Lakini wengi hawakuishia hapo. Kwa kuiona chokaa kuwa ni kitu cha kikale, walizipaka saruji zile kuta nene za mawe ya matumbawe, na sababu ya chokaa ilikuwa hai bado: chokaa huunywa unyevu na kuuachia, ilhali saruji huufungia ndani, hata ukuta ukaoza polepole na plasta ikabanduka mapande mapande, na mwenye nyumba akalaumu mvua. Watu hao walikuwa na karaha ya kweli juu ya jambo moja, wakaadhibu kwayo jambo la pili lisilokuwa na hatia.

Sababu za ada hazipatikani vitabuni aghalabu. Zipatikana kwa wazee wa kazi, na hazitolewi kwa anayezidai. Ukiwa fundi mdogo karakanani, usimwambie mkubwa wako kwamba njia yake ni mbaya. Mwamkie kwanza, ungoje wasaa wake, kisha umwulize: "Mzee, mbona hapa twapitisha msumeno mara mbili?" Pengine atakujibu kwamba mbao za zamani zilikuwa na unyevu, nawe utajua papo hapo kwamba sababu imekufa na mlango u wazi. Pengine atakujibu jambo ambalo hukulidhani kabisa, na utakuwa umeokoa mbao na heshima kwa wakati mmoja. Na pengine atasema, "Ndivyo nilivyokuta," jibu ambalo vijana hulidharau, nami naliona kuwa ni ruhusa iliyotolewa kwa adabu.

Ukishaijua sababu, tafuta hila ambayo watu wamekwisha kuifanya. Hapana ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba njia ya kawaida imewachosha watu kuliko kuwaona tayari wameipinda bila ya kumwuliza mtu: jiwe linalozuia mlango, kamba iliyofungwa penye bawaba, njia ya miguu inayokata majani kando ya njia iliyopigwa saruji, na hasa kile kijidaftari ambacho karani hukiweka ndani ya mtoto wa meza, ambamo huandika mambo yaleyale ya kitabu rasmi kwa namna anayoweza kuyasoma. Ukiona kijidaftari hicho, usimshitaki karani. Kaa naye.

Chukua mfano wa hila kama hizo: Kenya, kabla ya mwaka 2007, aliyekuwa akifanya kazi mjini na ana mama shamba alikuwa na njia zinazojulikana za kumpelekea fedha: hawala ya posta iliyochelewa, bahasha iliyokabidhiwa dereva wa basi kwa tawakali, au ndugu aliyesafiri ambaye hakuwa na haraka ya kufika. Simu za mkononi zilipoenea, watu wakabuni hila yao wenyewe, wakawa wananunua muda wa maongezi mjini na kumpelekea jamaa kwa simu, naye jamaa akamwuzia mwenye duka kijijini kwa fedha taslimu. Kampuni za simu hazikuwafundisha hayo. Nao wenye hila hawakujiona kuwa wagunduzi, waliona tu kwamba mama amepata unga.

Wakati huohuo Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone walikuwa wakitengeneza, pamoja na Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, mtambo wa kusudi jingine: wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu wapokee na kulipa mikopo yao kwa simu. Jaribio lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wachache. Wateja wale wakautwaa mtambo na kuutumia kwa mambo ambayo hayakuandikwa katika maelezo: wakapelekeana fedha wao kwa wao, wasafiri wakaweka fedha kwa wakala wa mji mmoja na kuzitoa kwa wakala wa mji wa pili ili wasitembee na noti mfukoni, wafanyabiashara wakazilaza humo usiku, kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa. Mwenye kiburi angaliyaita hayo matumizi mabaya, akaweka kanuni za kuyazuia. Hughes na Lonie waliyatazama kama mtu atazamavyo barua iliyoandikwa kwake, na mtambo huo ulipofunguliwa rasmi kwa jina la M-Pesa tarehe 6 Machi 2007, habari za mikopo ziliwekwa kando na watu wakaambiwa jambo moja tu, kwamba wanaweza kutuma fedha nyumbani. Katika mwaka uleule waliojiandikisha walipita milioni moja.

Baada ya hapo ni kujaribu, na jaribio la kwanza liwe la bei ya chini kiasi kwamba likiharibika hutalionea haya. Melitta Bentz, mwanamke wa Dresden, alichoshwa na mashapo kinywani na uchungu uliozidi wa kahawa iliyochemshwa. Mwaka 1908 akatoboa kopo la shaba kwa msumari, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino aliyoichana katika daftari la mwanawe, akamimina, kahawa ikashuka safi. Mnywaji wa kahawa chungu wa mitaa yetu, ambaye hujua kukiacha kikombe mashapo yanapokaribia, ataniambia kwamba hapakuwa na haja. Huenda. Kero yake si kero ya Bentz, na hilo nalo ni jambo la kukumbuka. Ninachokitaka ukione ni msumari na karatasi ya mtoto. Aliyeanza kwa kutafuta mkopo na jengo angalikuwa amekwisha kujifunga na wazo lake kabla ya kuonja kikombe cha kwanza.

Liko swali ambalo miongozo ya namna hii hulikwepa, nami silikwepi: njia ya zamani yamlisha nani? Malcom McLean, mwenye malori wa Marekani, alisimulia baadaye kwamba mwaka 1937 alishinda kutwa bandarini akingoja marobota yake ya pamba yapakiwe moja moja, akajiuliza kwa nini lori lenyewe lisinyanyuliwe na mzigo wake. Ilimchukua hata Aprili 1956 ndipo meli Ideal X ilipotoka Newark kwenda Houston na makontena 58 sitahani. Hesabu ya fedha ilikuwa upande wake kabisa. Lakini kila bandari iliyoyapokea makontena, na Mombasa na Dar es Salaam zimo, ilikuwa na makuli waliolisha watoto wao kwa kazi hiyohiyo ya moja moja iliyomchosha McLean, na kreni haikuwauliza rai yao. Sisemi kwamba meli zingerudishiwa magunia. Nasema kwamba mwenye kubuni ana wajibu wa kujua ni mikono mingapi inayokaa bure siku jambo lake likifaulu, na kuwatafutia mahali mapema katika njia mpya. Wale mafundi wa bati wa Shauri Moyo hawakulipinga jiko jipya kwa sababu walilitengeneza wao.

Na ukiwa na haki, usiitumie haki yako kama fimbo. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis hakuweza kuvumilia kwamba katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, waliotoka kupasua maiti wakaja kuzalisha, wanawake walikufa zaidi kuliko katika wodi ya wakunga. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na vifo ambavyo katika miezi mibaya vilizidi wanawake kumi katika kila mia vikashuka hadi wapata wawili. Hapana shaka wakubwa wake walistahili lawama kubwa kuliko yeye. Hata hivyo alikawia kuandika, kitabu chake hakikutoka hata mwaka 1861, na barua zake za wazi ziliwaita waziwazi wauaji watu ambao alihitaji wanawe mikono. Akafariki mwaka 1865 katika nyumba ya wendawazimu, kabla wengi wa wenzake hawajamkubali, na wanawake wakaendelea kufa. Wewe mwoneshe mkubwa wako jambo lako likifanya kazi katika kipande kimoja, siku moja ambayo hakuna wageni, na umwachie nafasi ya kusema kwamba alikuwa akilifikiri zamani. Akilisema hilo barazani mwishoni mwa juma, usimsahihishe.

Jambo lako likienea, usilipe kisogo. Jiko lile la Kenya liliposhika soko, walitokea wauzaji waliochoma udongo nusunusu ili waokoe kuni za tanuri, ukapasuka baada ya muda mfupi, na mnunuzi aliyedanganywa hakumlaumu mwuzaji, alililaumu jiko lote la aina hiyo. Weka kwa hiyo alama ya kazi yako mahali inapoonekana, na mfundishe mnunuzi namna ya kuupima udongo: augonge kwa kidole asikilize, uliochomwa vema hutoa mlio kama wa chungu kizima. Rudi kwa waliokwisha kununua baada ya mwaka, bila ya taarifa, utazame wamefunga nini kwa waya na wameongeza nini kwa bati la kopo. Wako pia watakaokujia na karaha ambayo hukulijenga jiko kuijibu, kwamba theluthi iliyookolewa ni nzuri lakini theluthi mbili zingali zakatwa msituni, na moshi ungali wapanda kifuani. Mmoja wao akibisha hodi, mkaribishe, mfungulie ukurasa mpya katika daftari lako, na umwulize apikia ndani au nje, saa ngapi, na debe lake la makaa lakaa siku ngapi.